Mashine ya sumaku kwa sonona na kwa mlio wa masikio: lini uichague, lini uiache

Matibabu ya kusisimua ubongo kwa sumaku, ambayo wengi wanayajua kwa herufi TMS, siku hizi hutangazwa kwa maradhi mengi kwa mkupuo. Katika tangazo moja utakuta sonona, uraibu wa sigara, kipandauso na masikio yanayolia, yote yamepangwa kwenye mstari mmoja kana kwamba yana ushahidi sawa. Hayana. Kwa sonona iliyogoma kupona kwa dawa, mashine hii imejipatia nafasi yake kwa haki. Kwa mlio wa masikio bado, na mtu akiniuliza namwambia asitoe hata senti moja kabla hajapitia mambo mengine ambayo ni nafuu zaidi na yana ushahidi mzito zaidi.

Najua kwa nini swali hili ni gumu. Anayelala na mlio usiokatika kichwani, au aliyekunywa dawa za sonona miezi na miezi bila kuona nuru, hana subira ya kusoma takwimu. Anataka kitu kitakachofanya kazi. Ndiyo maana nitaweka mambo upande kwa upande, sonona kwanza kisha masikio, kwa sababu mgonjwa wa hili na mgonjwa wa lile hawachagui kati ya vitu vilevile.

Kinachofanyika kwenye kile kiti

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme kwenye waya ulio karibu nao. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, waliutumia ujuzi huo kwenye kichwa cha binadamu. Waliweka koili ya waya juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, wakapitisha umeme mwingi kwa muda mfupi sana, na mkono wa upande wa pili ukaruka wenyewe. Fuvu halikufunguliwa na mtu hakuumia.

Mpaka leo kazi huanza hivyohivyo. Siku ya kwanza mtaalamu hukuvisha kofia ya kitambaa, huweka koili upande wa kushoto wa utosi, kisha huisogeza kidogo kidogo huku macho yake yakiwa kwenye kidole gumba chako cha kulia. Kidole kikiruka, anatia alama kwenye kofia. Halafu anapunguza nguvu mpaka apate kiwango cha chini kabisa kinachokirusha kidole mara tano katika kumi. Hicho ndicho kipimo chako wewe. Mwenzako aliyekaa nje ana chake. Kwa sonona, koili husogezwa mbele, zamani kwa sentimita 5 na siku hizi kwa vipimo sahihi zaidi vya kichwa, hadi juu ya sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Kwa masikio hupelekwa pembeni, juu ya sehemu inayopokea sauti. Mawimbi hufika sentimita 2 au 3 tu ndani, basi.

Kuna kanuni moja ya kukumbuka, ingawa si amri: mipigo ya haraka, kama 10 kwa sekunde, huamsha sehemu iliyolegea, mipigo ya polepole, 1 kwa sekunde, hutuliza sehemu iliyochangamka kupita kiasi. Katika sonona sehemu ya mbele kushoto mara nyingi huonekana imepoa, kwa hiyo inaamshwa. Katika mlio wa masikio sehemu ya sauti inadhaniwa imechangamka, kwa hiyo inatulizwa. Mantiki ni nzuri kote kuwili. Matokeo ndiyo yaliyotofautiana.

Hapo pia utaona kwa nini bangili za sumaku na mito ya sumaku inayouzwa mtandaoni haiingii kabisa katika mjadala huu. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme wowote kwenye neva. Ni lazima uga ubadilike, tena kwa kasi kubwa, na mashine za hospitali hufikia nguvu ya tesla 1.5 hadi 2, karibu sawa na mashine kubwa ya kupigia picha za MRI. Bangili haina lolote kati ya hayo.

Sonona: mashine au kidonge kingine?

FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu mashine ya kwanza kwa sonona mwezi Oktoba 2008. Haikuruhusiwa kwa kila mwenye huzuni. Iliruhusiwa kwa mtu mzima ambaye dawa imeshindwa kumsaidia, na hapo ndipo ulinganisho wa kweli unapoanzia: umejaribu dawa mbili kwa kipimo kamili na kwa muda wa kutosha, hujapona, je, ubadilishe kidonge au ukae kwenye kiti?

Swali hilo lilijaribiwa moja kwa moja Uholanzi, na matokeo yakachapishwa 2024. Wagonjwa 89 ambao dawa mbili au zaidi zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata vikao 25 vya sumaku, jingine likabadilishiwa dawa. Wote waliendelea na tiba ya mazungumzo. Waliopona kabisa dalili kwa upande wa sumaku walikuwa asilimia 27. Kwa upande wa dawa mpya, asilimia 5 hivi. Utafiti ni mdogo, lakini tofauti hiyo si ndogo. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaomfaa zaidi mgonjwa anayechagua, kwa sababu unajibu swali lake hasa. Tafiti nyingi zinauliza tu kama mashine inaishinda mashine bandia.

Na mashine bandia nazo zina la kutufundisha. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wenye watu 190, waliopata sumaku halisi na kupona walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 5 waliowekewa koili isiyofanya kitu. Ni karibu mara tatu, ndiyo, lakini bado wengi hawakupona. Kwenye kliniki za kawaida, ambako hakuna koili bandia na kila mtu anajua anatibiwa, takwimu hupanda: ufuatiliaji wa wagonjwa 307 katika vituo 42 vya Marekani ulikuta asilimia 37 wamepona kwa vipimo vya madaktari. Kliniki ikikuonyesha asilimia 37, au 58 ya waliopata nafuu, haikudanganyi. Lakini ndani ya namba hiyo kuna nguvu ya matumaini, ya kuhudumiwa kila siku na watu wanaokujali, na ya muda wenyewe kupita. Ukitegemea kupona kwa mtu mmoja kati ya watatu au wanne, utakuwa umetegemea sawasawa.

Muda ndio gharama inayosahaulika. Mpango wa kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, kisha vikao 6 vya kupunguza taratibu, yaani 36. Kikao cha awali kilichukua dakika 37 na nusu. Mwaka 2018 utafiti wa Canada wenye wagonjwa 414 ulionyesha kwamba mtindo mpya wa mipigo ya mafungumafungu, wa dakika 3 tu, haukuzidiwa na ule mrefu, na FDA ikauruhusu mwaka huohuo. Kwa mtu mwenye kazi au mtoto mchanga, tofauti ya dakika 3 na 37 ndiyo inayoamua kama atamaliza dozi au ataacha njiani. Kama kliniki ina mitindo yote miwili, chukua mfupi. Upo pia mpango wa Stanford ulioruhusiwa 2022, vikao 10 kwa siku kwa siku 5, ambao unawafaa wanaotoka mbali, ingawa bei yake ni ya juu mno.

Kidonge kina faida zake ambazo hazipaswi kudharauliwa. Fluoksetini na amitriptilini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinapatikana kwa bei ambayo kikao kimoja cha sumaku hakiwezi kuifikia. Unameza ukiwa nyumbani. Ubaya wake unajulikana: huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, huweza kuleta kichefuchefu, unene, usingizi, na kwa wengi hupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo watu huona haya kulisema wakaishia kuacha dawa kimyakimya. Sumaku haiongezi uzito wala haigusi hamu. Huleta maumivu ya kichwa na ya ngozi pale inapogonga, hasa wiki ya kwanza. Na kama unakunywa dawa, usiiache ghafla kwa sababu umeanza sumaku. Wengi huendelea na vyote viwili.

Mashine au umeme?

Hapa ndipo hofu inapowapotosha watu. Tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzia Roma mwaka 1938, ina sifa mbaya kutokana na jinsi ilivyotolewa zamani bila dawa ya usingizi. Leo mgonjwa hulazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, vikao 6 hadi 12 kwa wiki chache. Athari yake kubwa ni kumbukumbu: matukio ya wiki au miezi ya karibu huweza kufutika, na kwa baadhi hayarudi.

Hata hivyo, kwa sonona kali kabisa, umeme bado una nguvu kuliko sumaku. Mtu aliyekataa kula na kunywa, anayesikia sauti za kumhukumu, au ambaye kila saa anatafuta njia ya kujiua, hana wiki 6 za kusubiri. Familia ikimchagulia sumaku kwa kuwa inaonekana ya upole, inaweza kumpoteza. Nalisema hili kwa uzito wote. Sumaku ni kwa mtu anayeweza kutembea mwenyewe hadi kliniki kila siku na kurudi nyumbani salama.

Upande mwingine wa mizani, kwa sonona ya kiasi, kuna tiba ya mazungumzo, na mfano bora wake umetoka kwetu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda. Vikundi vya wanakijiji vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo, si madaktari. Mwishoni, waliobaki na sonona kamili walikuwa asilimia 6.5, ilhali kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi ilikuwa asilimia 54.7. Hakuna mashine pale, ni mkeka na watu. Kama bado hujapata nafasi ya kukaa na mshauri au kikundi cha namna hiyo, usiruke moja kwa moja kwenye sumaku.

Masikio: ahadi ambayo haijatimia

Mlio wa masikio mara nyingi chanzo chake ni uharibifu wa vinyweleo vidogo ndani ya sikio, kwa umri, kelele za mashine na spika, au dawa. Wengi wetu tuliotibiwa malaria kwa kwinini tunaujua mlio huo. Aspirini nyingi huuleta, na sindano za gentamaisini na streptomaisini huweza kuuacha ukidumu moja kwa moja. Sikio likipunguza taarifa linazopeleka, ubongo huongeza sauti wenyewe, na kile kilichoongezwa ndicho unachokisikia usiku.

Kwa hiyo kutuliza ubongo kwa sumaku ni wazo la busara, na watafiti wa Regensburg, Ujerumani, walilifanyia kazi mapema miaka ya 2000 kwa matumaini makubwa. Mwaka 2015 hospitali ya maveterani ya Portland, Marekani, ikatoa matokeo mazuri: kati ya watu 32 waliopata vikao 10 vya sumaku halisi, 18 walipata nafuu, kati ya 32 waliopata bandia, 7. Nafuu kwa wengi ilidumu miezi 6. Ukisoma utafiti huu peke yake utakimbilia kliniki.

Miaka miwili baadaye Wajerumani wakatoa utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 163 katika vituo kadhaa, vikao 10 vilevile, mipigo 1 kwa sekunde upande wa kushoto. Sumaku halisi haikushinda ya bandia. Hapo ndipo tulipo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa 2014 ulikuwa tayari umesema waziwazi kwamba mashine hii isipendekezwe kama tiba ya kawaida ya mlio, na sioni kilichotokea tangu hapo cha kuutengua. Wapo waliopata nafuu. Lakini hakuna daktari anayeweza kukwambia mapema kwamba utakuwa mmoja wao, na hakuna mpango wa matibabu uliokubalika wa kufuata: vikao vingapi, upande upi, mipigo mingapi.

Mwongozo huohuo ulikataza pia dawa za sonona kwa ajili ya mlio pekee, na virutubisho kama ginko na zinki vinavyouzwa kwa bei kubwa kwenye maduka ya dawa. Ulipendekeza mambo ambayo hayavutii kwenye tangazo. La kwanza ni kupimwa usikivu, na kama umepungua, kuvaa shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa hicho hurudisha sauti za nje ambazo ubongo ulikuwa unazikosa, na kwa watu wengi mlio husogea nyuma. Ikiwa una fedha za kitu kimoja tu, na usikivu wako umepungua, chagua hiki.

La pili ni tiba ya mazungumzo inayobadili namna unavyoupokea mlio. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 28 na watu 2733 yalikuta kwamba inapunguza mateso yanayoletwa na mlio. Haipunguzi mlio wenyewe. Watu hukasirika wakisikia hivyo, wanaona wameambiwa wazoee tu. Lakini muulize aliyeupata mlio miaka 10 iliyopita na leo analala vizuri: mlio upo, ila hauna tena mamlaka juu yake. Tiba hii sasa hutolewa pia kwa njia ya intaneti, jambo la maana kwa anayeishi mbali na mtaalamu.

La tatu ni rahisi kabisa: sauti ndogo chumbani usiku, feni, redio ya chini, mvua iliyorekodiwa. Ukimya ndio rafiki mkubwa wa mlio.

Kipo pia kifaa cha Lenire kutoka Dublin, kinachopiga sauti masikioni na kusisimua ulimi kwa umeme mdogo kwa wakati mmoja, kilichoruhusiwa na FDA Machi 2023. Kina idhini kwa ajili ya mlio, tofauti na sumaku. Ni ghali, na bado ningeanza na shime sikio.

Kuna mlio ambao haupaswi kusubiri ulinganisho wowote. Ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, ukiwa sikio moja tu, au ukija pamoja na uziwi wa ghafla, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo. Uziwi wa ghafla hutibiwa kwa dawa za steroidi na siku za mwanzo ndizo zenye thamani.

Ukiwa na vyote viwili

Wengi wanavyo vyote viwili, na kila kimoja humchochea mwenzake. Hapa uamuzi wangu ni mwepesi: tibu sonona kwa kile ambacho kimethibitika kwa sonona, na kama umefikia hatua ya sumaku, iombe kwa ajili ya sonona, juu ya sehemu ya mbele ya ubongo. Hali ikiinuka, mara nyingi mlio uleule hausumbui tena kama mwanzo. Usikubali kuuziwa vifurushi viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha sikio, kwa bei mbili.

Waulize wakuambie pia jinsi watakavyolinda masikio yako. Koili hugonga kama ndege gogota kwenye mti mkavu, na kelele yake huweza kupita desibeli 100 karibu na sikio. Vizibo vya masikio ni lazima, kwako na kwa mhudumu, kila kikao. Kliniki isiyotoa vizibo kwa mtu mwenye mlio, toka.

Nani asikae kwenye kiti hicho

Mwenye chuma ndani ya kichwa kinachoweza kuvutwa na sumaku, kama klipu ya mshipa au kipande cha risasi, asikae. Mwenye kifaa cha usikivu kilichopandikizwa ndani ya sikio, asikae. Na hili linawagusa sana watu wa masikio. Shime sikio la kuvaa nje huvuliwa tu. Mwenye kidhibiti moyo aulizwe kwa makini. Hatari inayoogopwa zaidi ni kifafa wakati wa kikao. Hutokea kwa mgonjwa mmoja au pungufu katika 1000, lakini uwezekano hupanda kwa mwenye historia ya kifafa, aliyekesha, aliyekunywa pombe au anayeacha pombe ghafla, na anayetumia dawa fulani kama bupropioni. Mwenye maradhi ya hisia yanayopanda na kushuka lazima aseme, maana sumaku huweza kumrusha upande wa juu.

Kabla ya kulipa

Dozi nzima Marekani hufika maelfu ya dola. Bima nyingi za huko hulipia sonona baada ya dawa kushindwa. Kwa mlio kwa kawaida hazilipi. Uingereza baadhi ya vituo vya NHS, huduma ya afya ya umma, huitoa kwa sonona, baada ya taasisi ya NICE kuikubali 2015. Kama unapanga kusafiri kwenda nje kwa ajili hiyo, hesabu wiki 6 za malazi na chakula, pamoja na za mtu wa kukusindikiza.

Usilipe ziada kwa ajili ya kuelekezwa na picha maalumu za MRI za mawasiliano ya ubongo mpaka upewe sababu ya msingi. Utafiti wa Uingereza wa 2024 wenye watu 255 wa sonona sugu uliwalinganisha walioelekezwa kwa picha hizo maalumu na walioelekezwa kwa picha za kawaida za MRI; wote walipata nafuu iliyoendelea hadi wiki 26, na tofauti kati yao haikuonekana.

Waulize maswali haya, tena utake majibu kwa maandishi: mashine ni ya aina gani na imeruhusiwa kwa ugonjwa upi, nani atapima kile kiwango cha chini kinachorusha kidole chako, na kama kitapimwa tena dawa zako zikibadilika, watatumia dodoso lipi kupima hali yako kila wiki, kifafa kikitokea kuna nani chumbani, na kama kufikia kikao cha 20 hakuna badiliko lolote kwenye dodoso, wataendelea, watabadili upande, au watakurudishia sehemu ya fedha.